Jina Lililotoka Kinyume

Keza mwanangu,

Mama yako yuko nawe chumba cha pili, anakusuka nywele za safari. Mimi nimejibanza jikoni, karatasi nimeiweka juu ya friji, kwa sababu meza imejaa vyombo na maandazi yako ya njiani. Nawasikia mkicheka kupitia ukuta. Najua ameshakuambia habari za blanketi, za dawa ya kifua, za kutosinzia kwenye basi ukiwa umeacha mkoba wazi, na za kanisa la Warundi lililoko huko Cape Town. Hapo sina la kuongeza. Ukisahau atakukumbusha kwa simu mpaka uichoke simu yenyewe.

Nakuandikia kwa Kiswahili na najua utaguna. Tangu uanze shule unanijibu kwa Kiingereza, nami nakuuliza kwa Kiswahili, na tumeelewana hivyo hivyo miaka yote. Lakini Kiingereza changu ni cha kazini, cha kumwambia bosi kwamba mashine iko tayari. Sijui kukitumia kuomba msamaha. Mimi shule yangu yote ilikuwa Ulyankulu, kambini kule Tanzania walikokimbilia babu na bibi yako kutoka Burundi, na mwalimu wetu alituchapa mpaka tukajua kuandika barua. Ukishindwa kuisoma hii kwa macho, isome kwa sauti. Ukisikia sauti yako utaelewa.

Wiki tatu zilizopita ulitoka bafuni mswaki mdomoni, umevaa ile fulana nyeusi uliyoinunua kwenye soko la Jumamosi, ya ile albamu ya hevi metali ambayo sisi kiwandani tunaiita Farasi Mweusi kwa sababu ya picha ya jaladani. Kifuani mwa fulana ipo ile alama ambayo wapenzi wa muziki huo wanaiita Azeki: herufi nne zilizopinda na msalaba pembeni. Ukanivuta mkono mpaka mbele ya kioo. Ndani ya kioo herufi zikageuka, zikasomeka vizuri kabisa. KEZA.

"Papa, serious," ukasema. "Hilo si jina langu? Wewe ndiye unaprinti hizi records. How come jina langu liko hapo?"

Nikakujibu kwamba ni bahati tu, majina yanafanana, kuna akina Keza wengi duniani. Uliniangalia kupitia kioo, hukugeuka. Kisha ukasema, "Sharp, Papa," ile sawa yenu ya mtaani, ukafunga mlango. Hujaivaa tena fulana ile, na tangu siku hiyo unaongea nami kama mtu anayeongea na mpangaji mwenzake. Una haki.

Niliandika mimi, Keza. Kwa mkono huu huu, kwa msumari. Na kwa ajili ya jina hilo mtu mwingine alifukuzwa kazi, nami nilikuwa nimesimama pembeni yake, nikanyamaza. Miaka kumi sasa. Hilo ndilo ninalokuandikia, na sasa limeshaandikwa siwezi kulirudisha, kwa hiyo acha nikueleze vizuri.

Ulikuwa na miaka tisa. Kiwanda kilikuwa bado kipya, ingawa mashine zake zilikuwa kuukuu, zilizonunuliwa sijui nchi gani. Unapajua: jengo lile lisilo na dirisha kule kusini mwa mji, karibu na vilima vya mchanga wa migodi ya zamani. Mlango tunafungiwa kwa ndani kwa kuogopa wezi, na ufunguo anao bosi. Ukitaka kutoka kupunga upepo unamwomba. Mara ya kwanza nilipofungiwa mle nilijiambia nitakaa miezi mitatu.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Khumalo, wa Soweto. Alipokuwa kijana alifanya kazi kwenye kiwanda cha santuri cha zamani, kabla kaseti na sidii hazijakiua. Bosi alimtafuta mtaa kwa mtaa, kwa sababu mashine alikuwa nazo lakini hapakuwa na mtu wa kuzielewa. Khumalo alizielewa. Alikuwa akisikiliza mvuke unavyopita kwenye bomba akakwambia leo santuri zitapinda. Na kila asubuhi, kabla ya kuwasha, aliweka kiganja juu ya mashine na kuomba, kwa sauti, kwa Kizulu, bila kumwonea haya mtu. Bosi alikuwa anacheka na kuangalia saa.

Wewe hukuwahi kuja kuona kazi yenyewe, siku zote nilikukatalia, na sasa unajua kwa nini. Kwa hiyo sikiliza. Tunachukua plastiki ya chembechembe, tunaiyeyusha inakuwa donge laini lenye ukubwa wa ngumi. Donge linawekwa katikati ya mabamba mawili ya chuma, moja la upande huu wa santuri, jingine la upande ule, na lebo zilizokwisha kukaushwa kwenye oveni. Mashine inafunga. Mvuke unaingia, halafu maji baridi, halafu inafungua, na santuri imepatikana. Nusu dakika. Muziki wote umo ndani ya yale mabamba, lakini umo kinyume: penye bonde kwenye santuri, kwenye bamba ni kilima. Hilo neno kinyume mimi nilikuwa nalisikia tu. Nilikuwa na wiki sita kwenye mashine, kabla ya hapo kazi yangu ilikuwa kukata kingo na kufunga maboksi.

Farasi Mweusi ilikuwa oda yetu ya kwanza kubwa. Mpiga ngoma wa bendi hiyo alikuja kututazama, mzungu mnene mwenye ndevu mpaka kifuani, akaleta keki. Alitusimulia walivyoirekodi zamani wakiwa vijana, kwenye gereji ya mjomba wake, mtaa wa Turffontein, nyuma kabisa ya uwanja wa mbio za farasi, kuta wamezitundikia magodoro. Siku za mashindano ilibidi wasimamishe kurekodi kila farasi wakikaribia mwisho, kwa sababu kelele za watu zilipenya magodoro. Siku moja hawakusimama. Kelele zile zimo mpaka leo, upande wa pili, kabla gitaa halijaingia. Baridi kali, akasema, mwimbaji anakunywa maji moto ya tangawizi ili koo lisipasuke. Walitoa kaseti chache, bendi ikavunjika, na kaseti zikawa zinatafutwa na watu kama dhahabu. Ndiyo sasa wanataka santuri.

Mimi nilimsikiliza nikila keki yake, na nilimpenda. Kisha akaweka santuri ya majaribio. Mwanangu, niliogopa. Nakwambia ukweli, nywele zilinisimama. Sijawahi kusikia mtu akinguruma vile isipokuwa mara moja katika maisha yangu, tuliporudi Burundi, na sitaki kuisimulia hiyo. Na wiki ile ile wewe ulikuwa hospitali, kifua kimebana, wamekuwekea mpira wa hewa puani. Mama yako analala kwenye kiti kando yako. Mimi naamka nakwenda kuchapa vitu hivi, mia kwa mia, kisha nakuja kukushika mkono kwa mikono ile ile.

Unakumbuka daftari la kikundi chetu cha maombi pale mtaani kwetu Bertrams? Majina ya wagonjwa yanaandikwa, kila mtu anachukua jina moja anakwenda nalo kwake. Tunaamini jina likisemwa na watu wengi linafika. Basi siku ya pili ya kuchapa, wakati wa chakula, Khumalo amekwenda kunawa, nikatazama lile bamba limekaa pale linang'aa. Kati ya mfereji wa mwisho na lebo kuna nafasi tupu. Nikajiuliza, santuri hizi zitakwenda wapi na wapi? Nyumba mia tano? Elfu? Nikachukua msumari nikaandika jina lako, nikaweka msalaba. Dakika mbili hazikufika. Nilikuwa nalia. Nilidhani nimekuwa mjanja kuliko daftari zima la Bertrams.

Nililiandika kama ninavyoandika hapa, kutoka kushoto kwenda kulia. Kumbe kila kitu unachokiandika kwenye bamba kinageuka. Santuri zikaanza kutoka na jina lako limeinuka, kinyume, AZEK, na msalaba uko upande usio wake. Na mimi sikuangalia, nilikuwa naogopa kuonekana naangalia.

Bosi aliona siku iliyofuata, mamia yameshatoka. Alifungua mashine, akakuta maandishi kwenye bamba, uso ukamgeuka rangi. Akatuita ofisini mimi na Khumalo, kwa sababu ni sisi wawili tu tuliogusa mashine ile.

"Nani?" akauliza.

Khumalo akanitazama. Hakunitazama kwa hasira, alinitazama kama mtu anayekupisha mlangoni upite wewe kwanza. Nikatazama sakafu. Ilikuwa na zulia la bluu lenye shimo la sigara. Ningelijua hata leo ukinionyesha.

Bosi hakujua Kizulu wala Kirundi, na neno lolote asilolijua kwake lilikuwa sala ya Khumalo. Akasema, "Ni wewe na maombi yako, Mzee. Umeniharibia bamba." Khumalo akasema, "Si mimi." Mara moja tu. Akaningoja. Nikahesabu mambo kichwani: wewe hospitali, karatasi yangu ya ukimbizi inakwisha mwezi ule na nilidhani bila barua ya bosi hawataiongeza, mama yako hana kazi. Yote yalikuwa ya kweli. Nilikuwa na sababu nzuri sana. Nakuambia hivyo ili siku moja ukiwa na sababu nzuri sana za kunyamaza, ujue kwamba baba yako pia alikuwa nazo, tena zote halali.

Khumalo alivua koti la kazi, akalikunja, akaliweka mezani. Bosi akamfungulia mlango kwa ufunguo. Jumapili ile ukatolewa mpira puani, ukaomba chipsi.

Niliona ni jibu la Mungu. Unaelewa nilivyonaswa? Jina liliandikwa, mtoto amepona. Nikienda kusema niliandika mimi, nahisi kama namrudishia Mungu zawadi yake. Nikijifanya sikuandika mimi, nakukana wewe. Nikakaa hapo katikati, na hapo ndipo nilipo mpaka jioni hii.

Bosi hakuweza kuzitupa santuri zile, akaziuza hivyo hivyo. Baada ya miezi michache simu zikaanza. Watu wameiona alama. Wengine wanasema Azeki ni jina la pepo, wengine eti ni mwanamke aliyekufa mgodini, mmoja huko ng'ambo amejichora shingoni. Nilitaka kucheka, Keza, ningekuwa mtu mwingine ningecheka mpaka nikae chini. Mtoto wangu wa Bertrams anayeogopa mende amekuwa pepo wa dunia nzima.

Mabamba huchakaa, na yakichakaa yanaletwa mapya, masafi, hayana kitu. Yalipokuja mapya ya kwanza bendi wakasema bila Azeki hawachukui. Bosi akanijia na bamba la zamani mkononi, anatabasamu.

"Manu, wewe una mkono mtulivu. Nakili hii hapa. Exactly hivyo hivyo."

Nikanakili. Mwandiko wangu mwenyewe, nikijifanya nauiga. Nimefanya hivyo mara sita. Kila mara bosi anasimama nyuma yangu, na kama kuna wageni anawasimulia habari za mzee mmoja kichaa aliyekuwa akiiombea mashine, akalaani santuri kwa Kizulu. Wageni wanacheka. Mimi niko pale, msumari mkononi, mlango umefungwa, natamani sakafu ipasuke. Tena mimi ndiye fundi mkuu sasa. Kiti cha Khumalo nimekikalia mimi.

Nilimwona mara moja, miaka minne iliyopita, nimekwenda Soweto kwa yule Mrundi mwenzetu mwenye spaza, kiduka cha mtaani. Khumalo alikuwa kwenye foleni ananunua mkate. Nikaingia nyuma ya friji ya soda, nikakaa hapo mpaka alipoondoka. Mwenye duka akaniuliza kama naumwa. Alipofukuzwa alinipigia simu mara mbili, sikupokea, na ya tatu hakupiga.

Kisha wewe, kwa maajabu ya dunia, ukafikisha miaka kumi na sita ukaanza kuupenda muziki ule ule. Nilikukataza, nikakuambia ni wa shetani, nikaificha santuri yako juu ya kabati. Mama yako alidhani nimeokoka upya. Lakini wewe ni mbishi, ukanikalisha kitako siku moja ukanitafsiria ule wimbo mrefu wa upande wa pili. Ukasema, "Papa, huyu hafokei mtu. Analia." Ukanieleza kwamba baba yake mwimbaji alinaswa chini mgodini, na wenzake juu walimsikia akigonga bomba, na kwamba zile ngoma nilizokuwa nazichukia ni yule baba akigonga. Nikakuuliza kama walimtoa. Ukasema wimbo hausemi.

Nilikuwa nimeusikia wimbo ule labda mara elfu, maana katika kila hamsini tunasikiliza moja kuikagua. Ningeweza kukuambia wapi gitaa linakwaruza na wapi mwimbaji anavuta pumzi. Nilikuwa sijawahi kuuliza anasema nini. Mtu anamlilia baba yake, mimi nikamwekea msalaba asinidhuru.

Sasa unakwenda kujifunza kurekodi sauti. Najivunia mpaka natamani kuwaambia watu kwenye robot, taa za barabarani, magari yakisimama. Lakini uliponiuliza mbele ya kioo na nikakudanganya, niliogopa jambo jipya. Zamani niliogopa kwamba ningepoteza kazi. Siku ile niliogopa kwamba utakwenda mbali na utanikumbuka kama mtu wa namna ile. Kwa hiyo Jumamosi iliyopita nilikwenda Soweto, nikaulizia, nikapelekwa kwenye ua wake.

Siku hizi anatengeneza zile redio kubwa za mbao za zamani, zenye gramafoni ndani. Alikuwa na moja imefunguliwa mgongo, miwani imeshuka puani. Hakuniambia kaa.

"Sawubona, baba," nikasema. "Nimekuja kukuambia kitu. Lile jina..."

"Bengazi," akasema. Yaani, kwa Kizulu: nilijua. Hakuinua macho. "Tulikuwa wawili tu pale, Manu. Na wewe ndiye uliyeniambia mtoto anaumwa, nikakuuliza jina lake. Nililiombea jina hilo wiki nzima, mkono wangu uko juu ya mashine. Unadhani nilisahau?"

Kumbe ile sala bosi aliyokuwa akiicheka, wiki ile ilikuwa yako wewe. Na angeweza kuokoka kwa neno moja ofisini mle, angesema tu, hilo ni jina la binti wa Manu.

"Kwa nini hukusema?" nikamuuliza.

"Eish. Nimetoka kumwombea mtoto asubuhi, halafu nimuuze ofisini mchana?" Akapuliza vumbi kwenye nyaya. "Jina lile lilikuwa la kusemwa na wewe. Nikakungoja mpaka Ijumaa. Nikakungoja mpaka mwisho wa mwezi. Then nikakuchukia, miaka. Halafu hiyo nayo ikanichosha."

Nikaomba msamaha. Nilipiga magoti pale kwenye saruji, mtu mzima mimi, majirani wanaangalia. Akaniambia niinuke, namtilia kivuli kwenye kazi yake. Kisha akauliza, "Kifua chake?"

"Kilipona, baba. Anakwenda chuo."

Akaitikia kwa kichwa. Nilidhani yamekwisha. Nilikuwa nimeshaanza kujisikia mwepesi, fikiria, nimeshaanza kupanga kuja kukuambia kwamba nimesamehewa. Ndipo akasema:

"Mimi usiniambie, Manu. Mimi nilikuwepo. Waambie ambao hawakuwepo."

Akarudi kwenye redio yake. Hakunisindikiza.

Ambao hawakuwepo ni wawili kwanza, wewe na mama yako. Mama yako nimemwambia jana. Aliendelea kusuuza sahani ile ile moja mpaka maji yakaisha kwenye beseni, kisha akasema, "Mwambie mtoto kabla hujamwambia bosi. Ni jina lake." Ndiyo maana leo amekung'ang'ania kukusuka nywele zinazohitaji saa nne. Ananipa nafasi ya kuandika, na vidole vyako vya kulalamika vinamgonga goti, nasikia.

Sasa kesho. Yale mabamba mapya ya toleo la kumbukumbu yamefika, unajua, ulisikitika basi lako linaondoka asubuhi na hutawaona bendi. Saa sita mchana watakuwepo wote, na watu wa magazeti ya muziki, na bosi ameniambia nivae shati safi kwa sababu nitaandika Azeki mbele yao. Atasimulia tena habari za mzee kichaa. Basi lenu litakuwa limeshavuka Mto Vaal. Akifika kwenye kicheko, nitasema. Nitasema ni mimi, na kwamba Khumalo alisema "si mimi" na hakuna aliyemsikiliza, na nitasema hilo jina ni la nani.

Naogopa, Keza. Sijui kama nitabaki na kazi. Sijui tutakuhudumiaje huko ikiwa sitabaki nayo, na hiyo ndiyo ile ile sababu nzuri ya miaka kumi iliyopita, imerudi imevaa nguo mpya. Ndiyo maana barua hii nitaitia ndani ya jalada la Farasi Mweusi, kwenye mkoba wako, na najua kabla ya Vaal utakuwa umeitoa kuangalia kama imepinda. Ukishaisoma sina pa kujificha. Nimejifungia mlango mwenyewe safari hii, na ufunguo nimekupa wewe. Saa saba nipigie. Usiulize habari za hali yangu, niulize tu kama nimesema.

Ninachojua juu ya kunyamaza ni hiki kidogo tu, na sikukisoma popote. Siku ya kwanza lilikuwa neno moja: mimi. Ilikuwa inatosha kabisa. Wiki ya pili ingehitaji sentensi mbili tatu. Mwaka uliofuata ingehitaji maelezo marefu, na leo inahitaji barua, na kesho itahitaji mbele ya watu na mashahidi. Ukiwa na neno moja, litoe lingali moja.

Jambo la mwisho. Mama yako amelalamika wiki nzima kwamba kuna mtu anaharibu sabuni yake ya kufulia, amemshuku mpaka paka wa jirani. Ni mimi. Nimekuwa nikifanya mazoezi juu yake kwa msumari, kwa sababu kesho nikiruhusiwa kuandika bado, sitaandika kama zile mara sita. Nitaliandika jina kinyume kwenye bamba ili kwenye santuri litoke sawa. Ni kazi ngumu, mkono unakataa, Z inanisumbua sana na msalaba nausahau upande. Vipande vitano nimeviharibu. Wakinifukuza kabla mashine haijafunga, hakutakuwa na santuri, kwa hiyo kipande cha sita nimekipaka wino wa kalamu yako iliyopasuka, nikakigandamiza hapa mwisho wa karatasi, nikahesabu nusu dakika.

Nimekiinua sasa hivi. Limetoka sawa. Huhitaji kioo.

✝ KEZA

Niliandika mimi,
Papa